Gunia tusiloliulizia, zabibu tunazoziulizia: Mwanadamu anaujuaje wema na uovu?

  

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, katika msikiti mmoja ulio nje kidogo ya mji wa Dodoma, alitujia ndugu yetu mmoja akatuomba faragha. Tuliketi naye juu ya mkeka chini ya mwarobaini. Akasema: "Sheikh, nina shamba la zabibu, ekari moja na nusu. Wanunuzi wanaokuja na magari ni watu wa viwanda vya mvinyo. Nikiwauzia, fedha ile ni halali au ni haramu? Usiku sipati usingizi." Swali lake lilitufurahisha, kwani ni dalili ya moyo ulio hai. Tulizungumza naye karibu saa nzima.

Tulipoinuka kumsindikiza, tukaliona gari lake. Lilikuwa limepakiwa mahindi aliyoyanunua asubuhi ile kijijini. Kila gunia lilikuwa na kichwa kilichoinuka juu ya mdomo wake kama kichuguu, kimeshonewa kipande cha kiroba na kuzungushiwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkazi wa mikoa hii ya kati asiyeijua. Kuhusu magunia yale ndugu yetu hakutuuliza neno. Na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, siku ile hatukumwambia neno.

Jambo hilo limetukaa moyoni, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwa nini mtu yule yule, mcha Mungu na mwenye kuhudhuria safu ya mbele, akoseshwe usingizi na zabibu kisha alale fofofo juu ya magunia? Bila shaka hapa pana swali kubwa kuliko zabibu na mahindi: mwanadamu anaujuaje wema, na anaujuaje uovu, katika shughuli zake za kila siku?

WANAZUONI WALIVYOFAFANUA

Katika Kiswahili chetu neno "zuri" limebebeshwa mizigo mingi. Tunasema nguo nzuri, mvua nzuri, tabia nzuri, na pia bei nzuri. Lakini bei nzuri ni nzuri kwa nani? Iliyo nzuri kwa muuzaji aghalabu ni chungu kwa mnunuzi. Wanazuoni wa elimu ya misingi ya sheria waliuona utata huu zamani walipozungumzia uzuri na ubaya wa matendo, yaani al-husn na al-qubh. Wakasema kwamba maneno haya hutumika kwa maana tatu.

Maana ya kwanza ni kile kinachoafikiana na maumbile au matakwa ya mtu, na kinyume chake. Utamu ni mzuri, uchungu ni mbaya. Maana ya pili ni ukamilifu na upungufu: elimu ni nzuri, ujinga ni mbaya. Maana ya tatu ni kitendo kustahiki sifa hapa duniani na thawabu kesho Akhera, au kustahiki lawama na adhabu. Katika maana mbili za kwanza hawakuhitilafiana kwamba akili inatosha kuzitambua. Hitilafu yao ilikuwa katika ile ya tatu.

Wanazuoni wa Kimu'tazila, ambao al-Qadhi Abdul-Jabbar aliyefariki mwaka 415 Hijria (1025) ni miongoni mwa wakubwa wao, walisema akili ya mwanadamu inaweza kutambua kwamba dhulma ni ovu hata kabla ya kufikiwa na wahyi. Wafuasi wa Imam Abul-Hasan al-Ash'ari, ambao sisi Mashafi wa Afrika Mashariki aghalabu tumesoma vitabu vyao, walisema wajibu na adhabu havithibiti ila kwa sheria ya Mwenyezi Mungu. Wafuasi wa Imam Abu Mansur al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 333 Hijria (944), wakashika njia ya katikati: akili inaweza kuuona uzuri na ubaya wa baadhi ya mambo, bali haina mamlaka ya kutunga hukumu.

Hatukusudii kuuamua leo mjadala uliodumu karne nyingi. Tunalotaka msomaji alitie akilini ni lile aliloligusia Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika kitabu chake al-Mustasfa. Alieleza kwamba watu hulipa jambo jina la uzuri au ubaya kwa kutazama makusudio yao wenyewe, hata kuuawa kwa mfalme kukawa kuzuri machoni mwa maadui zake na kubaya machoni mwa rafiki zake. Hapo ndipo penye mtego. Mara nyingi tunaposema "hili halina ubaya", hatuzungumzi kwa ile maana ya tatu. Tunazungumza kwa maana ya kwanza, yaani linatufaa, kisha tunalivisha joho la maana ya tatu.

Kuna neno jingine linalotufundisha. Qur'ani Tukufu huuita wema "ma'ruf", yaani kinachojulikana, na uovu "munkar", yaani kinachokanwa. Ni kama kwamba wema ni mgeni ambaye nafsi iliyo salama humtambua anapobisha hodi, na uovu ni mtu asiyetambulikana mlangoni. Neno ma'ruf lilipoingia katika Kiswahili likawa "maarufu", na maana yake ikawa kinachovuma na kujulikana na wengi. Basi tazama, ndugu msomaji, jinsi tunavyoweza kuteleza: lumbesa ni jambo maarufu kwa Kiswahili, lakini kwa Kiarabu si ma'ruf hata kidogo. Kuvuma kwa jambo hakulifanyi kuwa jema.

GUNIA: UOVU ULIOZOELEKA

Kwa desturi ya vijijini kwetu gunia la mahindi huhesabiwa madebe sita, nalo hukaribia kilo 100. Gunia la lumbesa hubeba madebe saba, na pengine zaidi, lakini bei inabaki ile ile ya gunia moja. Hesabu yake haihitaji mtu aliyesoma sana. Mkulima akiuza magunia sita ya madebe saba saba, ametoa bure madebe sita, yaani gunia zima. Husema wahenga, haba na haba hujaza kibaba. Sasa tujiulize kibaba kinachojaa ni cha nani.

Sheria ya nchi haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa vipimo halali, Wakala wa Vipimo wamepewa jukumu la kuisimamia, na ufungashaji wa mazao kupita kilo 100 umekatazwa. Hata hivyo, katika minada na magulio mengi lumbesa imeendelea kuonekana kwenye mahindi, vitunguu, viazi na mkaa.

Na hapa si mahali ambapo nafaka ni bidhaa tu. Nyanda hizi za kati zina msimu mmoja wa mvua, nazo si nyingi. Wazee wa Ugogo walihadithiwa na wazazi wao juu ya Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Maelfu ya watu walikufa. Katika ardhi yenye kumbukumbu kama hiyo, debe moja la mahindi linaweza kuwa ndilo tofauti baina ya nyumba iliyofika kwenye mavuno na nyumba iliyokula mbegu.

Sasa tuzisikilize hoja za wenye kuitetea lumbesa, kwa kuwa kila uovu uliozoeleka huja na mawakili wake.

Hoja ya kwanza ni kwamba hii ndiyo desturi ya soko. Ni kweli kwamba wanafiqhi wana kanuni isemayo desturi huzingatiwa katika hukumu. Lakini wameiwekea mpaka, kwamba desturi isipingane na nassi iliyo wazi. Nassi juu ya vipimo ni za wazi mno. Watu wa Madyan nao walikuwa na desturi yao sokoni, na Nabii Shuaib (A.S.) hakutumwa kuibariki. Walimjibu kwa mshangao, kama inavyosimuliwa katika Sura ya 11, Hud, wakihoji iwapo swala zake ndizo zinazomwamrisha kuwazuia wasifanye wapendavyo katika mali zao. Yaani swala na gunia vinahusiana nini? Swali hilo lingaliko masokoni hadi leo, ila wengi wetu hatulitamki kwa sauti.

Hoja ya pili ni kwamba mkulima ameridhia mwenyewe. Tunauliza, ni ridhaa gani hiyo? Mtu mwenye mtoto hospitalini, au aliyedaiwa michango ya shule, na mnunuzi ni mmoja tu na gari linataka kuondoka, huyo hakuridhia, amenyamaza. Kunyamaza kwa mwenye shida hakuhalalishi haki yake.

Hoja ya tatu ni kwamba nao wanunuzi hubanwa na wafanyabiashara wa mjini. Huenda ni kweli. Lakini dhulma haigeuki kuwa halali kwa kupokezanwa kama kijiti. Na mara nyingi anayenunua kijijini kwa gunia lenye kichwa huuza mjini kwa kilo, gramu kwa gramu. Huyo ndiye aliyeelezwa mwanzoni mwa Sura ya 83, al-Mutaffifin: anapopokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na anapowapimia wao hupunguza.

Hoja ya nne ni kwamba ni kitu kidogo tu. Wataalamu wa lugha wanasema jina lenyewe la Sura hiyo linatokana na neno lenye maana ya kitu kidogo, kisicho na thamani. Mutaffif si jambazi wa kuvunja milango. Ni mwenye kunyofoa kidogo kidogo. Na onyo kali lile limemshukia yeye.

ZABIBU: JAMBO LENYE UTATA

Turudi kwa zabibu, tusije tukaonekana tumelidharau swali la ndugu yetu. Dodoma ndiyo nyumba ya zabibu katika Tanzania. Zinalimwa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Mvumi na kwingineko, na kwa wakulima wengi kiwanda cha mvinyo ndiyo soko la uhakika. Ajabu ni kwamba suala la kumuuzia zabibu mwenye kuzikamua kuwa pombe limo katika vitabu vya fiqhi tangu karne za mwanzo, kama vile waandishi wake walikuwa wakilitazama shamba la mtu wa Hombolo.

Wanazuoni hawakuafikiana. Imam Abu Hanifa aliona mauzo hayo yanafaa, kwa sababu zabibu yenyewe ni tunda halali na maasi yanatokana na kitendo cha mtu mwingine mwenye hiari yake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, hawakulipenda jambo hilo. Imam Ahmad na wanazuoni wa Kimaliki walikataza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, muuzaji akijua, au ikiwa dhana yake kubwa ni kwamba mnunuzi ataifanya pombe, ni haramu kumuuzia. Akiwa na shaka tu, ni makruhu. Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi inataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, akiwemo mwenye kuikamua, mwenye kuibeba na mwenye kula thamani yake. Mkulima wa zabibu hakutajwa waziwazi, na ndiyo maana ikahitajika ijtihadi. Lakini Qur'ani inatukataza kusaidiana katika dhambi.

Tena katika Sura ya pili Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba katika pombe kuna manufaa kwa watu. Amebainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Funzo lake linapita pombe: kuwa na faida hakutoshi kulifanya jambo kuwa jema.

Kwa hiyo tulimshauri ndugu yetu atafute wanunuzi wa zabibu za kula, watengenezaji wa maji ya matunda na wa zabibu kavu, ajiunge na wenzake ili soko hilo lipanuke, na aanze kuhama kwa kadiri ya uwezo wake, bila kuwatia watoto wake katika dhiki kwa kung'oa mizabibu siku moja. Wala neno hili si la kuwalaumu majirani zetu wa imani nyingine. Ni neno la Mwislamu na nafsi yake.

KWA NINI TUNAULIZA HILI NA KUACHA LILE?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna mambo yenye kutatiza. Zabibu zimo katika hayo ya katikati. Gunia limo katika yaliyo wazi. Mtu mwenye busara angeanza na yaliyo wazi, lakini sisi tunafanya kinyume. Sababu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba dhambi ya zabibu inaishia kinywani mwa mtu mwingine, ilhali dhambi ya gunia iko mikononi mwetu wenyewe. Swali la zabibu linagharimu saa moja ya mazungumzo. Swali la gunia linagharimu debe la mahindi.

Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kwamba Abdallah bin Umar (R.A.) aliulizwa na mtu wa Iraki hukumu ya mwenye kuua nzi akiwa katika ihramu. Akastaajabu kuona watu wanaulizia nzi na hali wamemuua mjukuu wa Mtume (S.A.W.). Hatumlinganishi ndugu yetu na wauaji wa Sayyidna Husein (R.A.), hasha. Tunachosema ni kwamba maradhi ya kuuliza madogo na kunyamazia makubwa ni ya zamani, na yanawapata hata watu wa swala.

VIPIMO VITATU VYA KILA SIKU

Basi mtu wa kawaida, asiyekuwa na nafasi ya kusoma vitabu vya usul, afanye nini? Arubaini ya Imam Nawawi, ambayo watoto wetu huisoma madrasa, inamtosheleza kwa mengi.

Kwanza, auulize moyo wake. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba dhambi ni lile linalosokota kifuani na ambalo mtu huchukia watu wasilijue. Lakini kipimo hiki kina hatari yake, kwani moyo nao huzoea. Na katika Sura ile ile ya wapunguzao vipimo, baada ya aya chache, Mwenyezi Mungu anataja kutu iliyofunika nyoyo kwa sababu ya yale waliyokuwa wakiyachuma. Hapa ndipo tulipopata jawabu la usingizi wa ndugu yetu. Zabibu zilimsokota kwa kuwa bado ni jambo geni kwake. Magunia hayamsokoti kwa kuwa kutu imekwisha kushika.

Pili, moyo ukishindwa kusema, ahamie upande wa pili. Haikamiliki imani ya mtu mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Mnunuzi ajiulize: "Mahindi haya yangekuwa yangu, ningekubali kuyauza kwa gunia hili?" Lumbesa haivuki swali hilo. Na aliye upande unaoumia aghalabu huijua dhulma mapema kuliko anayefaidika. Mama mkulima ambaye hajapata kukaa darasani anajua kwamba ameonewa, na hahitaji kwanza kumsoma al-Maturidi.

Tatu, arejee kwenye mizani iliyo nje ya nafsi yake: sheria ya Mola wake, rai ya wanazuoni waaminifu, na mizani yenyewe ya chuma iliyokaguliwa. Mtu hawezi kuwa mpimaji na kipimo kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuhitimisha, tunadaiwa na msomaji ukweli mmoja. Wiki ya pili tulimwita ndugu yetu tukamweleza haya yote. Alisikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa. Kisha akasema polepole: "Sheikh wangu, umesema kweli. Lakini gunia la mkaa nililoliona nyuma ya nyumba yako, mbona nalo lina kichwa?"

Tulinyamaza. Gunia lile tulilinunua wenyewe mlangoni, kwa kijana aliyekuja na baiskeli kutoka mbali, na tukumbukavyo tulifurahi kuona jinsi lilivyoshiba. Hatukuona kitu kikitusokota kifuani. Tulimtafuta kijana yule siku kadhaa ili tumlipe ziada yake, hatukumpata. Tukafuata waliyoyasema wanafiqhi kuhusu haki ambayo mwenyewe hajulikani alipo: tukaitoa sadaka kwa niaba yake, na tukaazimia kwamba akionekana tutamlipa. Ndugu yetu naye alituahidi kununua kwa mizani kuanzia msimu ule, na akatuomba tumwombee dua, kwani alijua wenzake watamcheka.

Basi ndugu Waislamu, na kila mwenye kusoma ukurasa huu, leo tunapotoka msikitini tuyatazame magunia yetu kabla ya kuyatafuta maswali magumu. Mwalimu ayatazame masaa anayolipwa bila kufundisha. Karani alitazame faili alilolilaza likisubiri "chai". Mwenye nyumba aitazame kodi yake. Sisi masheikh tutazame nyuma ya nyumba zetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na aziondolee nyoyo zetu kutu. Amin. Wabillahi tawfiq.